Mistari ya Mama: Uche Okeke na Sanaa ya Uli ya Waigbo

(Mada iliyotolewa katika mkutano wa pamoja wa kamati za maendeleo za parokia na wafadhili. Tunaichapa karibu kama ilivyosemwa.)



Niliombwa niseme juu ya sanaa na maendeleo. Mada hiyo ni pana mno kwa muda niliopewa, na mara nyingi tukiizungumza kwa upana huo tunaishia kusifu ngoma na vinyago, kisha tunarudi kwenye bajeti ya kisima. Kwa hiyo nimeamua kuwaeleza habari za mtu mmoja tu, mchoraji wa Nigeria, kabila lake Mwigbo. Jina lake Uche Okeke. Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1933, akafariki Januari 2016, akiwa na umri wa miaka 82. Sababu ya kumchagua yeye mtaiona tukiendelea, maana maswali aliyokutana nayo ndiyo yaleyale yanayoletwa kwenye kamati zetu kila tunapojenga au kukarabati kanisa.

Okeke ni wa ukoo wa Nimo, mji mdogo katika nchi ya Waigbo, kusini mashariki mwa Nigeria. Lakini sehemu kubwa ya utoto wake aliishi kaskazini, Kafanchan, mji wa makutano ya reli ambako watu wa makabila mengi walifuata kazi. Alisoma shule za misheni. Nyumbani mama yake alijua kuchora uli.

Hapa lazima nieleze uli ni kitu gani, maana bila hiyo mengine yote hayataeleweka. Uli ni michoro ya wanawake wa Kiigbo. Rangi yake hutoka katika matunda ya miti na vichaka fulani. Matunda husagwa, maji yake yakakamuliwa. Yakipakwa mwilini kwanza hayaonekani sana, halafu baada ya saa kadhaa yanageuka meusi. Mchoraji hutumia kijiti chembamba au kisu kidogo, na mkono wake hauna ruhusa ya kusitasita, kwa sababu mstari ukishagusa ngozi haufutiki. Akina mama wa pwani hapa wanaofahamu hina na piko wamenielewa tayari. Na kama piko, uli haikai. Baada ya siku nane hivi imepotea.

Uli ilichorwa pia kwenye kuta. Mvua zikiisha, wanawake walikusanyika wakakandika upya ukuta wa udongo, wakausugua kwa mawe mpaka ukawa laini, kisha wakauchora. Nyeupe ilitoka katika udongo mweupe, nyeusi katika makaa, nyekundu na njano katika udongo wa rangi hizo. Baadaye, biashara ya wazungu ilipofika, waliongeza na buluu ile ya kufulia nguo. (Nafurahi kila ninapoikumbuka hiyo buluu. Watu wanaotuambia kwamba mila ni kitu kisichobadilika wangeanzia hapo.) Mvua zilizofuata ziliosha ukuta, na mwaka uliofuata wanawake walianza tena.

Sasa michoro yenyewe. Haina vitu vingi. Kuna akala, ambao ni mstari. Kuna ntupo, yaani nukta. Kuna agwolagwo, mviringo unaojizungusha kama nyoka aliyejikunja. Kuna umbo la mwezi, la nyota, na la kokwa ya kola iliyopasuliwa, kola ambayo Mwigbo humkaribishia mgeni. Na baina ya hivyo vyote kuna nafasi tupu kubwa. Mwanamke mwenye ustadi wa uli hakujaza ukuta. Aliweka mstari mmoja hapa, nukta tatu pale, akauacha ukuta upumue. Anayeona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kazi haijaisha, kumbe ile nafasi tupu ni sehemu ya mchoro.

Tuseme kweli juu ya upande wa pili. Uli haikuwa pambo tu. Ilichorwa kwa arusi na kwa kupewa vyeo, ndiyo, lakini ilichorwa pia kwenye kuta za mahali pa ibada ya Ala, mungu wa ardhi wa Waigbo. Wamisionari walipofika hawakuwa na muda wa kutenganisha. Msichana wa shule ya misheni alifundishwa kwamba mwili wa Mkristo hauchorwi. Wengi wao walikuwa na nia njema, na shule na zahanati zao ziliokoa watu. Sisemi haya kwa kuwalaumu waliolala makaburini. Ila matokeo yake ni kwamba kizazi kimoja cha mabinti hakikujifunza kwa mama zao. Ukiongeza nyumba za saruji na bati na nguo za dukani, unaelewa kwa nini ufundi ulikuwa unakufa pamoja na mabibi.

Okeke alipoingia Chuo cha Sanaa, Sayansi na Teknolojia huko Zaria, mwishoni mwa miaka ya 1950, walimu wa uchoraji walikuwa wazungu, na mafunzo yalikuwa ya Ulaya. Wanafunzi walifundishwa vizuri. Walijifunza kuchora mwili wa binadamu, kivuli na mwanga, rangi za mafuta. Kilichokosekana ni kwamba katika yale yote hakikuwepo chochote kilichotoka nyumbani kwao. Basi mwezi wa Oktoba 1958 wanafunzi wachache waliunda chama chao, Zaria Art Society. Walikuwemo Okeke, Demas Nwoko, Bruce Onobrakpeya, Yusuf Grillo, Simon Okeke na wengine. Walikuwa wa makabila mbalimbali. Walikutana nje ya saa za masomo wakajadiliana na kusomeana, na kila mmoja alitarajiwa kuchunguza sanaa na hadithi za watu wake.

Mwaka 1960 Nigeria ikapata uhuru, na mwaka huohuo Okeke aliandika tamko fupi alilolipa jina linaloweza kufasiriwa kama Muungano wa Asili. Neno hilo limeandikwa sana na wasomi, lakini maana yake si ngumu. Alikataa njia mbili. Ya kwanza ni kuiga Ulaya, eti ndiyo ustaarabu. Ya pili ni kuiga mababu, kuchonga leo kile walichochonga wao kana kwamba hakuna kilichotokea. Msanii achukue kilicho bora katika urithi wake na kilicho bora katika mapya, aviyeyushe pamoja ndani yake mwenyewe mpaka visionekane kama vipande viwili vilivyoshonwa. Mimi naona uzito uko kwenye neno "asili". Muungano wa kulazimisha ni rahisi: chukua picha ya Ulaya, mvike Bikira Maria kitenge, umemaliza. Tumeona nyingi za namna hiyo. Okeke alitaka jambo gumu zaidi.

Na alilifanya. Kabla ya mwaka 1962 alichora kwa rangi za mafuta picha kama ile iitwayo Ana Mmuo, yaani Nchi ya Wafu, ya mwaka 1961, ambayo leo iko katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Afrika, Washington, Marekani. Ni picha nzito, imejaa rangi kali na nyuso za vinyago. Halafu mwaka 1962 akatengeneza mfululizo wa michoro midogo aliouita Oja. Ni kalamu, wino mweusi na karatasi, basi. Mstari unaanza, unajizungusha kama agwolagwo, unakuwa kichwa, unakuwa mtu, unaishia. Sehemu kubwa ya karatasi imebaki nyeupe. Anayejua uli anaitambua papo hapo, ingawa hakuna mwanamke yeyote wa Nimo aliyewahi kuchora picha kama hizo. Mkono ni wa mama, shauri ni la mwana.

Wakati huohuo mambo yalikuwa yakisogea mahali pengine. Huko Ibadan, mwaka 1961, waandishi na wasanii walifungua klabu waliyoiita Mbari, na maonyesho ya kwanza yalikuwa ya Okeke na mwenzake Nwoko. Jina Mbari lilipendekezwa na Chinua Achebe, ambaye kitabu chake wengine wenu mlikisoma kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo. Michoro ya toleo mojawapo la Kiingereza la kitabu hichohicho ni ya Okeke. Mbari ni nyumba ambayo Waigbo wa upande wa Owerri waliijenga kwa heshima ya Ala, wakaijaza sanamu za udongo, na ilipokamilika wakaiacha ibomoke yenyewe. Hawakuikarabati. Kwao thamani ilikuwa katika kuijenga pamoja. Sisi wa kamati za ujenzi tunaweza kutabasamu, tukikumbuka tunavyogombania bati la geji gani.

Rais wa kwanza wa klabu hiyo ya Ibadan alikuwa mwandishi wa Afrika Kusini, Ezekiel Mphahlele. Yeye ndiye aliyekuja Nairobi mwaka 1963 akaanzisha kituo cha utamaduni cha Chemchemi, na upande wa uchoraji akafanya kazi pamoja na Elimo Njau. Njau ni mzaliwa wa Marangu, hapa kwetu. Miaka ya 1950 alikuwa amechora kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, na Yesu wake ni Mwafrika katika vilima vya Kikuyu. Kwa hiyo anayesema kwamba mambo haya ya Waigbo hayatuhusu, ajue kwamba njia ya kutoka Ibadan kufika kwetu ilikwisha kupitiwa zamani.

Mwaka 1962 hadi 1963 Okeke alikuwa Munich, Ujerumani, katika karakana ya Franz Mayer, akijifunza kazi ya vioo vya rangi na mozaiki. Karakana hiyo inajulikana kwa madirisha ya makanisa. Ni miezi hiyohiyo ambapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umeanza, na hati yake juu ya liturujia, iliyotoka Desemba 1963, ilisema wazi kwamba Kanisa halijaufanya mtindo wowote mmoja wa sanaa kuwa mali yake, na kwamba sanaa ya mataifa yote ipewe nafasi ndani yake mradi ihudumie ibada kwa heshima inayostahili. Nawaomba wanakamati waliokumbuke hilo mtu anaposimama kwenye mkutano na kusema kwamba picha ya namna fulani "si ya Kikatoliki".

Kisha vita.

Vita vya Biafra vilianza Julai 1967 vikaisha Januari 1970. Wazee waliomo humu wanakumbuka. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, na Nigeria ikavunja uhusiano wa kibalozi nasi. Makadirio mengi yanataja watu milioni moja au zaidi waliokufa, wengi wao kwa njaa, wengi wao watoto. Makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, yaliunda umoja wa misaada, na ndege zao ziliruka usiku kutoka kisiwa cha São Tomé kupeleka chakula na dawa. Safari zilizidi 5,000. Zilitua gizani juu ya barabara ya kawaida iliyopanuliwa kuwa uwanja. Mahali hapo paliitwa Uli. Ni jina la mji tu, halihusiani na michoro ya wanawake, lakini tangu nilipolijua hilo siwezi kusikia neno moja bila jingine. Wafadhili wetu wa muda mrefu watajua kwamba mashirika mengi ya makanisa yalijifunza kazi ya dharura katika usiku wa Uli, pamoja na maswali magumu ambayo mpaka leo hayajaisha: je, msaada ule uliokoa watoto, au uliurefusha mgogoro, au vyote viwili?

Okeke alikuwa upande wa Biafra, kama wasanii wengi wa Kiigbo. Mshairi Christopher Okigbo, mmoja wa wale wa Mbari, aliuawa vitani mwaka 1967. Chuo Kikuu cha Nigeria huko Nsukka kiliharibiwa vibaya.

Ni katika chuo hicho kilichobomoka ndipo Okeke alipoajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuongoza idara ya sanaa. Fikirini hali yenyewe. Watu wameshindwa vita, fedha yao imekuwa karatasi tupu, kila nyumba ina msiba. Mtu angeweza kusema, na nina hakika wapo waliosema, kwamba huo si wakati wa kuhangaika na michoro ya mabibi. Okeke aliona kinyume. Aliwatuma wanafunzi warudi vijijini kwao, wawatafute wanawake wazee waliokuwa bado wanajua uli, wakae nao, waulize majina ya kila umbo, watazame mkono unavyokwenda. Bibi ambaye shule ya misheni ilikuwa imemwambia kwamba analojua ni ushenzi, sasa alitembelewa na mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye daftari. Mimi naliita hilo kazi ya maendeleo, na sioni haya kuliita hivyo mbele ya wahasibu wetu.

Mmoja wa wanafunzi wa Nsukka wa wakati huo ni Obiora Udechukwu, aliyezaliwa Onitsha mwaka 1946. Alianza masomo Zaria, akakimbia machafuko ya mwaka 1966, akamalizia Nsukka baada ya vita. Mistari yake ni michache kuliko hata ya mwalimu wake, na watu wake ni wakimbizi, ombaomba, na wakubwa wenye matumbo. Picha yake kubwa ya mwaka 1993 iitwayo Safari Yetu imegawanyika katika turubai nne, na mzunguko ule wa uli unapita ndani yake kama barabara. Iko katika Makumbusho ya Hood, Marekani. Mwaka 1997 Udechukwu alihamia huko kufundisha. Mwaka huohuo Washington iliandaa maonyesho ya wasanii saba wa Nsukka: Okeke, Udechukwu, Chike Aniakor, Tayo Adenaike, Olu Oguibe, El Anatsui ambaye ni Mghana, na mwanamke mmoja, Ada Udechukwu, mshairi na mchoraji.

Mwanamke mmoja kati ya saba. Hapo ndipo mimi ninaposumbuka. Sanaa ilikuwa ya wanawake tangu mwanzo hadi mwisho. Ilipoingia kwenye karatasi, chuo kikuu na makumbusho, majina yaliyoandikwa chini ya picha yakawa ya wanaume. Okeke mwenyewe hakuficha deni lake; alimtaja mama yake, na kituo alichokianzisha alikiita Asele, jina la mwanamke anayesifiwa katika masimulizi ya Waigbo kwa ustadi wa uli. Lakini wale mabibi waliohojiwa na wanafunzi, wengi wao hatuyajui majina yao, wala hatujui kama walipata chochote zaidi ya shukrani. Nawaambia wafadhili hili kwa makusudi. Mkitoa fedha kwa mradi wa "kuhifadhi utamaduni", ulizeni kwenye taarifa: nani ameandikwa kama mwenye ujuzi, na nani ameandikwa kama mtaalamu, na posho ilikwenda kwa yupi? Kamati ikishindwa kujibu, isipewe awamu ya pili.

Asele alikianzisha akiwa bado kijana, Kafanchan, mwaka 1958. Baadaye kikahamia Nimo, nyumbani kwao, na alipostaafu ndiko alikorudi. Huko alikusanya michoro, maandishi na kumbukumbu za nusu karne. Hakungoja serikali wala mfadhili. Hilo ni la kusifiwa, na pia ni la kusikitisha, maana hazina inayotegemea nyumba ya mtu mmoja na watoto wake inabaki katika hatari ya moto, mchwa na ugomvi wa urithi.

Sasa swali ambalo najua mnaliweka mfukoni. Je, Mkristo anaweza kuchukua alama iliyochorwa kwenye nyumba ya Ala akaitumia? Okeke alibatizwa na kulelewa katika shule za Kanisa, na alichora Nchi ya Wafu, na alichora pia Yesu. Sijui mahali ambapo aliviweka vitu hivyo viwili kwenye mizani na kutoa hukumu. Alivichora tu. Mimi rai yangu ni kwamba mstari hauna dini. Mwezi ni mwezi, na kola ni ukarimu. Lakini kuna alama nyingine ambazo kwa watu wa mahali fulani zina maana moja tu, na hapo mwenye kujua si paroko wala mfadhili wala mimi. Ni wale wazee wenyewe. Kwa hiyo parokia inayotaka kuchora altare yake kwa michoro ya kienyeji ianze kwa kuwaalika, wakae siku nzima, waonyeshwe kila umbo na waulizwe: hili mlilichora wapi, lini, na kwa ajili ya nani? Gharama yake ni chakula na nauli. Mwandikeni kila mzee kwa jina lake kamili, na kila alilosema, kabla hamjamwita fundi wa rangi.

Oktoba 2025 jumba la Tate Modern la London lilifungua maonyesho makubwa ya wachoraji wa Nigeria wa kizazi hiki ninachowasimulia, na kazi za Okeke zilikuwemo. Wengi wetu hatutafika London. Kwa hiyo nimekuja na nakala chache za michoro ya Oja. Ziko juu ya meza ile karibu na mlango. Tafadhali zitazameni wakati wa chai, na msiziwekee vikombe juu. Akina mama wanaojua piko nawaomba mbaki kidogo, ningependa kusikia mnasemaje juu ya ule mstari wa tatu kutoka kushoto, maana mimi nimeutazama miaka mingi na bado sijaona alipoinua kalamu.